Msuli unavyokaza na mfupa unavyojengeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha biolojia, na maswali yaliyo hapa nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: na wanafunzi wa kidato cha tatu, na wazazi wao, na vijana wa jimu, na dereva wa bodaboda mwenye hogo (plasta ya kushikiza mfupa uliovunjika) mguuni mwezi wa pili sasa. Vitabu huweka misuli sura moja na mifupa sura nyingine, na hapo ndipo wengi hupotea. Viwili hivi vinalishana. Mfupa unautunzia msuli kalsiamu, na msuli unauvuta mfupa mpaka unapata umbo na unene wake. Swali likiwa limeshajibiwa kwingine, nimetaja namba ya kwenda.

## Ya msingi kuhusu misuli

1. Msuli, mshipa na kano vinatofautianaje?

Katika maongezi neno "mshipa" hubebeshwa kila kitu: wa damu, wa fahamu, hata ngiri. Hapa tutenganishe. Msuli ni nyama yenyewe, ile inayokaza na kulegea. Kano ni kamba nyeupe ngumu inayoufunga msuli kwenye mfupa; papasa juu tu ya kisigino kwa nyuma, utaibana kwa vidole viwili. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ndiyo inayoleta amri kutoka ubongoni na kwenye ugwe wa mgongo. Gegedu ni ile nyeupe ya kutafunika kwenye ncha ya mfupa wa kuku.

Misuli inayozungumzwa hapa ni ile iliyoshikana na mifupa, ambayo unaiamuru mwenyewe. Moyo na utumbo vina misuli ya namna nyingine.

2. Kwa nini misuli mingi hufanya kazi kwa jozi?

Kwa sababu msuli unajua kuvuta tu, kusukuma hauwezi. Ukikunja mkono kuinua ndoo, msuli wa mbele unakaza na wa nyuma unalegea. Ukiunyoosha, inabadilishana.

3. Ndani ya msuli kuna nini?

Chukua kipande cha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ikaiva sana, ichambue kwa vidole. Itaachana nyuzi nyuzi. Kila unywele unaoushika ni fungu la seli za msuli, na kila seli ni ndefu, nyembamba na yenye viini vingi, tofauti na seli nyingi za mwili zenye kiini kimoja. Ndani ya seli zimo nyuzi ndogo zaidi, miofibrili, na kila miofibrili ni mstari wa vyumba vidogo viitwavyo sakomea. Sakomea moja ina urefu wa takriban mikromita 2, yaani ukipasua milimita moja vipande 1,000 unachukua viwili. Kwa hiyo sentimita moja ya miofibrili ina sakomea zaidi ya 4,000 zilizopangana kichwa kwa mkia.

4. Sasa msuli unakazaje hasa?

Nyuzi zake hazifupiki. Zinateleza, moja juu ya nyingine.

Kila sakomea ina nyuzi nyembamba za protini ya aktini zilizoshikizwa kwenye kuta za pande zote mbili, na katikati yake zimo nyuzi nene za protini ya miosini. Uzi mnene umejaa vichwa vidogo vilivyochomoza, mamia. Kichwa kinaishika aktini, kinajikunja na kuivuta, kinaachia, kinajinyoosha, kinaishika tena mbele kidogo. Kwa kuwa aktini zinavutwa kutoka pande zote mbili kuja katikati, kuta zinasogeleana na chumba kinakuwa kifupi.

Kama umewahi kusimama ufukweni asubuhi watu wanakokota juya, ule wavu mkubwa wa kuvulia, umeiona kazi hii. Kamba haipungui urefu. Mkono unashika, unavuta, unaachia, unashika mbele. Na hawaachii wote kwa pamoja, maana kamba ingerudi baharini. Huyu anaachia, mwenzake ameshika. Vichwa vya miosini navyo hupokezana hivyo hivyo. Mvuto mmoja ni nanomita chache tu, na milimita moja ina nanomita 1,000,000. Lakini sakomea maelfu zikivuta kwa mpigo, ndoo ya lita 20 inapanda kichwani.

Zamani wengi waliamini protini zenyewe ndizo zinazojikunja na kuwa fupi. Mwaka 1954 makala mbili zilitoka katika toleo moja la jarida la Nature, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, zote zikionyesha mtelezo huo. Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu. Wanafunzi wangu huwachanganya kila mwaka.

5. Amri ya ubongo inaufikiaje msuli, na kalsiamu inaingia wapi?

Umeme wa neva ukifika mwisho wake, neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye ngozi ya seli ya msuli. Kemikali hiyo inaamsha umeme mwingine, safari hii juu ya msuli wenyewe, na umeme huo unazama ndani kupitia vijibomba. Huko unafungua vifuko vilivyojaa kalsiamu. Kalsiamu inamwagika katikati ya nyuzi.

Msuli ukiwa umelegea, mahali pa kushika kwenye aktini pamefunikwa na protini ya tropomiosini, iliyolala juu yake kama mkanda. Kalsiamu inanasa kwenye protini nyingine, troponini, nayo inausogeza mkanda pembeni. Ndipo vichwa vya miosini vinapata pa kushika. Amri ikikoma, pampu zinairudisha kalsiamu kwenye vifuko na mkanda unarudi mahali pake. Yote haya ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Umuhimu wa kalsiamu ulionekana karibu kwa bahati. Mwaka 1883 tabibu wa London, Sydney Ringer, aligundua kwamba moyo wa chura aliokuwa akiuchunguza uliendelea kupiga katika maji yaliyochanganywa na maji ya bomba, lakini ulidhoofika na kusimama alipotumia maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu.

6. Nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi mbona bado inacheza kwenye sinia?

Swali hili huja kila baada ya Idi. Mbuzi amekufa, seli zake bado. Zina akiba ya ATP, molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli, na kalsiamu bado imo kwenye vifuko. Kisu kikiugusa, au chumvi ikinyunyizwa, umeme mdogo huamka juu ya seli na mambo ya swali la 5 yanajirudia bila ubongo. Hakuna jini wala uchungu hapo. Baada ya muda akiba inakwisha.

7. Na kwa nini maiti hukakamaa?

Kwa sababu akiba imekwisha. Hapa ndipo watu wengi wanapouelewa msuli kinyume: wanadhani nguvu inatumika kuvuta, na kulegea ni bure. Kumbe kichwa cha miosini kikishashika aktini hakiachii mpaka ATP mpya ije ikikalie. Pampu zinazorudisha kalsiamu nazo zinakula ATP. Mtu akifariki kalsiamu inavuja, vichwa vinashika, na hakuna cha kuviachisha.

Hali hii huanza kuonekana kwenye taya na kope saa chache baada ya kifo, huenea mwili mzima kwa kadiri ya saa 12, kisha hulegea baada ya siku moja au mbili protini zikianza kuoza. Joto huiharakisha. Ndiyo maana wazee wetu wa pwani hawachelewi: roho ikitoka tu, macho hufumbwa, kidevu hufungwa kwa kitambaa, viungo hunyooshwa. Nimemwona bibi mmoja akifanya hivyo kwa mikono iliyotulia, akinong'ona dua, kila kitu kikakamilika kabla hata hatujatuma watu msikitini.

## Misuli kazini

8. Mapaja ya kuku ni mekundu na kidari ni cheupe. Kwa nini?

Kuku hutembea siku nzima, na huruka kwa kupapatika mara chache. Paja lina nyuzi nyingi za polepole, zinazotumia oksijeni na kuchoka taratibu. Rangi yake nyekundu ni ya mioglobini, protini inayohifadhi oksijeni. Kidari kina nyuzi za haraka, zenye nguvu ya ghafla na uchovu wa ghafla. Njiwa, anayeruka mbali, kidari chake ni chekundu. Binadamu tumechanganyiwa aina zote mbili katika kila msuli, kila mtu kwa kiwango chake.

9. Maumivu ya kesho yake baada ya kulima au kupanda mlima ni asidi iliyoganda?

Si asidi. Asidi ya laktiki huondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya kazi, ilhali maumivu haya hukolea siku ya pili na ya tatu. Yanatokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi na uvimbe wa kuitengeneza.

Kinachochubua zaidi ni msuli kukaza huku ukirefushwa. Waulize wapagazi wa Kilimanjaro: mapaja ya wageni huuma kwa kushuka kuliko kwa kupanda, kwa sababu wakati wa kushuka msuli wa mbele ya paja unazuia mwili usiporomoke huku wenyewe ukinyooshwa. Maumivu hayo hupona yenyewe. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia kama chai ya rangi baada ya kazi nzito, hiyo ni habari nyingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani msuli uliovunjika kwa wingi unaweza kuumiza figo.

10. Nabanwa kigimbi usiku mpaka nalia. Nifanye nini?

Neva inarusha amri bila kuombwa. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, shikilia mpaka kigimbi kiachie. Kutembea kidogo pia husaidia. Ikija kila usiku, au mkono na uso vinacheza pia, soma swali la 15 kisha ukapime.

11. Mazoezi yanaongeza idadi ya nyuzi?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Uzi uliopo unanenepa kwa kuongezewa aktini na miosini.

## Mfupa unavyojengeka

12. Mfupa uko hai au ni kama jiwe?

Uko hai, una damu na neva. Ugumu wake unatokana na vitu viwili vilivyofumana: nyuzi za kolajeni zinazonesa, na chembe za madini ya kalsiamu na fosfeti zilizojipanga juu yake. Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua mfupa wa paja la kuku, uloweke kwenye siki siku tano au zaidi ukibadilisha siki. Madini yatayeyuka, utaupinda kama mpira. Mwingine uchome vizuri kwenye makaa mpaka uwe mweupe: kolajeni imeungua, madini yamebaki, ukiuminya unapondeka kama chaki.

Humo ndani kuna wafanyakazi watatu. Osteoblasti hujenga: hutandika kolajeni kwanza, kisha huipaka madini. Baadhi yao hujikuta wamezungukwa na ukuta walioujenga wenyewe, wanabaki humo na kuitwa osteositi. Hao ndio wanaohisi uzito. Osteoklasti hubomoa kwa kumwaga asidi.

13. Tumboni mfupa unaanzaje?

Kwa njia mbili. Mifupa bapa ya fuvu huanza ndani ya utando: seli zinakusanyika, zinageuka osteoblasti, zinajenga moja kwa moja. Mifupa mirefu ya mikono na miguu huchorwa kwanza kwa gegedu, kisha gegedu inaliwa kidogo kidogo kuanzia katikati na mfupa unachukua nafasi yake.

Mfupa ninaoupenda kuliko yote ni mtulinga, ule unaotoka kifuani kwenda begani. Ni wa kwanza kuanza kuwa mfupa, kwenye wiki ya tano au ya sita ya mimba, na ncha yake ya upande wa kifuani ni ya mwisho kuungana, mtu akiwa ameshapita miaka 20. Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, vinaungana mpaka vinabaki 206.

14. Utosi wa mtoto unapiga piga. Tupake kitu?

Msipake chochote. Hapo mifupa ya fuvu haijakutana, kuna utando mgumu tu, na mnachoona kinapiga ni mapigo ya damu. Uwazi huo unamwezesha mtoto kupita njia ya uzazi na unaupa ubongo nafasi ya kukua. Wa mbele hufunga kati ya miezi 9 na 18 hivi, wakati mwingine mpaka miaka 2; wa nyuma hufunga mapema, miezi 2 au 3.

Kinachohitaji kuangaliwa ni umbo lake mtoto akiwa ametulia amekaa. Ukibonyea, hasa anapoharisha, amepungukiwa maji. Ukivimba na homa juu yake, hilo ni la hospitali sasa hivi, si kesho.

## Kalsiamu, chakula na jua

15. Msuli ukipungukiwa kalsiamu inachukuliwa wapi?

Kwenye mfupa. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imehifadhiwa huko. Ile kidogo iliyo kwenye damu lazima ibaki kiwango kile kile, kwa sababu ikishuka neva zinakuwa nyepesi kupita kiasi: midomo inachonyota, vidole vinajikunja vyenyewe na kubana. Tezi nne ndogo shingoni huhisi upungufu na kutoa homoni inayoamsha ubomoaji wa mfupa. Mwili uko tayari kuula mfupa wake ili msuli na moyo visikosee.

16. Ni kweli kila mimba inaondoka na jino?

Hapana. Kalsiamu ya jino haichukuliwi. Mtoto huhitaji gramu 30 hivi mpaka azaliwe, nyingi kwenye miezi mitatu ya mwisho, na utumbo wa mama hujirekebisha na kufyonza zaidi. Wakati wa kunyonyesha mifupa ya mama hutoa kidogo, na kwa kawaida hurudishiwa baada ya kuachisha. Meno huharibika kwa sababu fizi za mjamzito huvimba na kutoka damu kwa urahisi, na kutapika kunaleta asidi mdomoni. Mama, piga mswaki, na dagaa uwale pamoja na mifupa yao.

17. Jua tunalo tele. Matege yanatoka wapi?

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inayofikiwa na jua, si na jua lililo nje ya dirisha. Mtoto anayefungiwa chumbani, au anayefunikwa gubigubi kila atokapo, hupungukiwa. Pia kuna watoto wenye jua la kutosha ambao uji wao hauna kalsiamu: mahindi au muhogo, bila maziwa wala dagaa. Mchicha unayo, lakini una pia oksalati, kemikali inayoizuia kalsiamu isifyonzwe vizuri. Katika hali zote mbili kolajeni inatandikwa na madini hayaji, basi mfupa laini unapinda chini ya uzito.

Kuzunguka Mlima Meru kuna sababu nyingine: floridi kwenye maji na kwenye magadi ya kupikia maharage. Floridi nyingi huingia kwenye madini ya mfupa, meno yakawa ya kahawia, mifupa ikawa minene lakini dhaifu na iliyopinda. Kuchemsha maji hakusaidii, floridi inabaki na maji yanapungua. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu ile ile: floridi hushikana na madini ya mfupa.

## Kukua, kuvunjika na hali za pembeni

18. Urefu unaongezeka sehemu gani, na unakoma lini?

Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna bamba la gegedu. Seli zake hugawanyika zikijipanga kama sarafu zilizobebana, zile za upande wa shina la mfupa hufa na kugeuzwa mfupa. Homoni za balehe huharakisha ukuaji kisha hulifunga bamba, wasichana mapema kuliko wavulana. Likishafungwa hakuna kidonge wala kuning'inia kutakakorefusha.

Bamba hilo ndilo lililosema umri wa kijana wa Nariokotome, mtu wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, baada ya mtafuta visukuku Kamoya Kimeu kuona kipande cha fuvu lake mwaka 1984. Aliishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita, na mabamba yake hayakuwa yamefunga. Ndivyo walivyojua kuwa alikufa akiwa bado anakua.

19. Mtu mzima mifupa yake inabadilika?

Kila mwaka karibu asilimia 10 hubomolewa na kujengwa upya. Mahali panapovutwa na msuli au kubeba uzito hunenepa. Pasipofanya kazi hupungua. Wanaanga hupoteza asilimia 1 au zaidi ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Bibi aliyelazwa kitandani hupoteza pia, ndiyo maana muuguzi anamhimiza asimame.

20. Mfupa uliovunjika unaungaje?

Damu inaganda kwenye ufa. Ndani ya wiki mbili tatu gegedu na nyuzi hufanya daraja laini, kisha osteoblasti huligeuza mfupa, ule uvimbe mgumu unaoonekana kwenye picha. Mkono huchukua wiki 6 hivi, muundi wa mtu mzima miezi 3 au 4, na kuchongwa upya huendelea miaka. Sigara huchelewesha.

21. Tunaweza kumpeleka mgonjwa akakandwe kwanza?

Naomba msifanye hivyo. Sisemi kwa kuwadharau wanaofunga mabanzi. Wengine wana mikono mizuri. Nasema kwa sababu ya kilicho chini ya banzi. Msuli umefungwa ndani ya utando usiotanuka. Ukivimba na juu yake umekazwa banzi au hogo, damu inashindwa kuingia, na kwa kadiri ya saa 6 msuli unaanza kufa. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, makali zaidi ukinyoosha vidole, kisha ganzi na ubaridi. Legeza mfungo mara moja, nenda hospitali hata iwe usiku wa manane. Nina mwanafunzi aliyerudi shuleni vidole vimekunjamana kama makucha. Mfupa wake uliunga vizuri kabisa.

22. Pepopunda inahusianaje na haya?

Sumu ya vijidudu vyake hupanda kwa neva mpaka ugwe wa mgongo na kuzima zile neva zinazouambia msuli ulegee. Amri za kukaza zinabaki peke yake, kuanzia taya. Chanjo huzuia.

23. Mwanangu ana selimundu, sasa anachechemea. Ni msuli?

Huenda ni nyonga. Kichwa cha fupa la paja hulishwa na mishipa myembamba ya damu, na seli zilizopinda huiziba. Osteositi zinakufa na kichwa kinabonyea. Omba picha mapema, kabla hakijabonyea.

24. Hogo limetolewa, mguu umekonda na goti ni gumu. Utarudi?

Kwa wengi hurudi. Msuli hupungua ndani ya wiki chache za kutotumika, na mfupa chini yake umepungua pia, kwa hiyo usikimbilie mpira. Kama daktari amekuruhusu, anza umekaa mkekani, mguu umenyooka, taulo limekunjwa chini ya goti. Kandamiza taulo kwa nyuma ya goti mpaka uone paja linakaza, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10, asubuhi na jioni. Siku za kwanza paja litatetemeka na halitainuka hata kidogo. Endelea.